Usingoje Miezi Mitatu

Anayechukua mtoto wa mbwa huku Ukambani huwa na maswali ya maana. Alale wapi, ale nini, afungwe kuanzia lini. Hayo nayajibu kwa moyo mweupe. Kisha huja lile moja, nalo haliji kama swali bali kama jambo lililokwisha kukatwa: "Chanjo ya kichaa si itangoja miezi mitatu, daktari? Huyu bado mdogo, hawezi kuwa na kichaa." Nimelisikia Wote na Kibwezi, nimelisikia Mwingi na Mutomo, kwa wakulima na hata kwa walimu wa sayansi. Leo nalijibu kwa urefu ili nisilijibu tena mlangoni, mtu akiwa ameshawasha pikipiki.

Virusi vya kichaa cha mbwa havichagui umri. Vikiingia kwenye kidonda, hushika njia ya neva na kupanda polepole hadi kwenye ubongo. Kwa mbwa safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache. Sasa piga hesabu. Mtoto wa mbwa ameumwa akiwa na wiki tano, pengine na mama yake mwenyewe aliyekuwa ameanza kuugua. Wewe umepewa akiwa na wiki saba, kidonda kimepona na manyoya yameota juu yake. Wiki ya tisa anaanza kuugua. Hiyo miezi mitatu bado hajaiona, na siku chache kabla ya dalili ya kwanza mate yake tayari yalikuwa na virusi. Nani alikuwa akicheza naye siku hizo? Ni watoto wako, tena kwa mikono yenye mikwaruzo, na meno yake madogo ni makali kama sindano.

Tena usitarajie kuona mbwa mwenye hasira anayekimbia barabarani na povu mdomoni. Kichaa mara nyingi huja kwa upole. Mtoto wa mbwa hujificha chini ya kitanda, sauti yake hubadilika, taya la chini hulegea, mate hudondoka, na chakula hakipiti kooni. Mwenye nyumba husema amekwamwa na mfupa. Basi mmoja humshika kichwa, mwingine humpanua mdomo na kuingiza vidole kuutafuta. Nakuomba sana: mbwa asiyeweza kumeza, wa umri wowote, usimtie mkono mdomoni. Mfungie mahali peke yake, mwite daktari wa mifugo.

Hiyo miezi mitatu ilitoka wapi? Ina asili, ndiyo maana ni ngumu kung'oka. Mbwa jike aliyechanjwa huwapitishia wanawe kinga kwenye maziwa yake ya mwanzo, na kinga hiyo inaweza kupunguza nguvu ya chanjo ya mapema. Watengenezaji wengi wakaandika kwenye maelezo ya chanjo kwamba umri wa kuanzia ni wiki 12. Kampeni za chanjo zikafuata maandishi hayo na kuwarudisha watoto wa mbwa nyumbani mwaka baada ya mwaka, hadi watu wakaelewa kinyume kabisa: kwamba aliyerudishwa hana hatari. Maelezo ya chanjo hayakusema hivyo. Kisha jiulize mama wa huyo uliyepewa bure kwa jirani alichanjwa lini. Kama hakuchanjwa, hana kinga ya kichaa ya kumpa mwanawe, na hoja nzima ya kungoja imeanguka hapo. Na hata mama akiwa amechanjwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu hutengeneza kinga wakipewa chanjo nzuri. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kampeni zichanje mbwa wote, watoto wao wakiwemo. Wanaoogopa kwamba chanjo "itamwangusha" wajue kwamba virusi vilivyomo vimeuawa. Haviwezi kumpa ugonjwa.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko kwingi. Utafiti wa mbwa wa Machakos uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba wakati wowote ule nusu ya mbwa hawajafikisha mwaka mmoja. Jike alitarajiwa kuishi miaka 2.4 tangu kuzaliwa, dume 3.5. Wanazaliwa wengi, wanakufa upesi, nafasi zao zinajazwa na watoto. Ukiwaacha watoto nje ya chanjo, unaacha sehemu kubwa ya mbwa wa kijiji bila kinga, na wale uliowachanja mwaka jana wengine wameshakufa. Kenya ilizindua mkakati wake wa kutokomeza kichaa mwaka 2014, lengo likiwa kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa ugonjwa huu unaotoka kwa mbwa. Kitui na Makueni zimo kati ya kaunti tano zilizochaguliwa kuanza. Kinachotakiwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, miaka mitatu mfululizo. Asilimia hiyo haifikiki huku kila boma likificha watoto wa mbwa jikoni siku ya chanjo.

Na gharama ya kukosea? Dalili zikishamtokea mtu, kichaa karibu kila mara huua, na hospitali haina la kufanya ila kumpunguzia mateso. Duniani hukadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka, na watoto ni wengi mno miongoni mwao. Kwa hiyo mtoto wa mbwa akimng'ata mwanao, hata iwe kwa kucheza, hata iwe kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo na kumaliza sindano zote kwa tarehe zake. Pilipili, mafuta ya taa na majani yaliyopondwa usiyaweke. Hayaui virusi, na yanakula muda ambao mtoto hana.

Sasa hayo mengine. Mchukue akiwa na wiki nane, si nne; kabla ya hapo bado anamhitaji mama. Mwulize anayekupa kama kuna mbwa aliyekufa pale hivi karibuni, naye alikufaje. Chanjo ya kichaa apate wiki ileile anapofika, irudiwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, una chanjo yake kuanzia wiki sita, nayo ni lazima irudiwe kila wiki tatu hadi nne mpaka wiki 16, kwa sababu hapo kinga ya mama huzuia kweli. Kama mbwa alikufa kwa kuhara damu katika boma lako, virusi vinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi; usilete mwingine ambaye hajamaliza chanjo hizo. Dawa ya minyoo apewe kila wiki mbili hadi afikishe wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita, kwani minyoo yake huwaingia watoto wanaochezea mchanga.

Ugali mtupu haumkuzi. Changanya na omena, yai, au ndengu zilizoiva vizuri, mara tatu au nne kwa siku, bila mchuzi wa vitunguu na bila mifupa ya kuku iliyopikwa. Maji yake yawe kwenye karai zito asiloweza kupindua, na kiangazi yasikauke. Kibanda kiinuliwe kutoka chini, kiwe kivulini, kisipitishe mvua. Dawa za kupulizia maembe na ndengu, sumu ya panya na mikebe mitupu vifungiwe juu. Kupe mtoe kwa mkono, au uliza dawa ya umri na uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na oili chafu ya gari visimguse. Kumlisha pilipili hakumfanyi mlinzi, kunamtesa tu. Mnyororo wa mchana kutwa nao humfanya mwoga, na mbwa mwoga huuma. Jenga ua, na hadi wiki ya 14 mzoeshe watu, kuku na mbuzi. Usipotaka kuzalisha, mpeleke akahasiwe kuanzia miezi sita, jike na dume. Kadi yake ya chanjo iweke pamoja na vitabu vya kliniki vya watoto, kwa sababu mtu akiumwa, daktari wa hospitali ataiulizia.