Tajiri Ndiye Rubani

Huku pwani tumezoea kuwa mwenye jahazi ni mwengine na nahodha ni mwengine. Tajiri hukaa barazani akingojea hesabu. Ajuaye pepo ni nahodha. Lakini iko jeti ndogo, Cirrus Vision Jet, iundwayo Duluth, Marekani, na iliyopata idhini ya serikali mwaka 2016, ambayo tajiri huirusha mwenyewe.

Ina injini moja tu, iliyopandishwa mgongoni, na viti hadi 7. Msomaji asidanganyike na viti hivyo. Matangi yakijaa, uzito unaobaki ni wa watu wawili au watatu, na rubani ni mmoja wao. Atakaye kuchukua jamaa wote hana budi kupunguza mafuta, na safari kuwa fupi.

Hapo mwanzo iliuzwa kama dola milioni 2. Hayo ni mahari. Masurufu yaja baadaye: banda, bima, mafuta, mafundi. Tena leseni ya kawaida haimtoshi. Huko Marekani lazima asomee ndege hiyo hiyo, afuzu, na kupimwa tena kila mwaka, hata akiwa tajiri wa kutupa.

Waundaji walijua kuwa huenda akaelemewa, wakaitia mwavuli wa kuishusha ndege nzima. Septemba 2022, karibu na Kissimmee, Florida, mwavuli huo ulifunguliwa hewa ilipochafuka. Ndege iliharibika, watu wote 3 waliokuwamo walitoka hai.