Kutembezwa Mjini Durban

Ndugu msomaji, chukua ramani ya Afrika. Weka kidole chako Tanga, au Dar es Salaam, au Mtwara. Sasa fuata pwani kwenda kusini. Utapita pwani ndefu ya Msumbiji. Utavuka mpaka na kuingia Afrika ya Kusini. Endelea kidogo, nawe utaufikia mji mkubwa wa Durban. Wazulu huuita eThekwini. Bahari iliyo mbele ya mji huo ni hii hii yetu, Bahari ya Hindi.

Kila mwaka watu wengi huenda Durban kutembea. Hawaendi kutafuta kazi wala kuuza mazao. Wanakwenda kuoga baharini, kuona mji, kula na kupumzika. Watu hao huitwa watalii. Baadhi yao hutoka ng'ambo, lakini walio wengi ni watu wa Afrika ya Kusini wenyewe, hasa wale wa Johannesburg na sehemu nyingine za bara. Mtu wa bara akipata likizo hutamani bahari.

Katika somo hili utasoma jinsi wageni hao wanavyotembezwa, wanaonyeshwa nini, na nani anayewaonyesha. Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mgeni anaweza kukaa Durban wiki nzima na kurudi kwao bila kuuona mji.

Bahari na joto lake

Durban iko mbali na mstari wa ikweta kuliko sisi. Kuanzia Desemba hadi Februari huko ni joto na mvua. Kuanzia Juni hadi Agosti ni baridi kidogo na mvua ni chache. Lakini hata katika majira hayo ya baridi watu huoga baharini. Kwa nini?

Sababu yake ni mkondo. Mkondo ni kama mto unaopita ndani ya bahari. Mkondo uitwao Agulhas huteremsha maji yenye joto kutoka upande wa Msumbiji na kuyapitisha karibu na pwani ya Durban. Kwa hiyo maji hayapoi sana. Mgeni wa Johannesburg, anayeamka kwao na kukuta umande umeganda juu ya majani, hushangaa kuona watoto wakicheza majini mwezi wa Julai.

Miezi hiyo ya Juni na Julai kuna jambo jingine. Samaki wadogo aina ya sadini hutoka kusini kwa makundi makubwa na kupanda pwani hiyo. Wavuvi huwavuta kwa nyavu hadi ufukoni. Habari ikienea, watu hukimbilia majini na ndoo, na vikapu, na wengine na nguo zao tu.  Pomboo, papa na ndege huwafuata samaki hao wapate kula.

Ufukoni

Sehemu ya ufuko inayojulikana zaidi inaitwa Golden Mile. Kuna njia pana ya kutembea kwa miguu kando ya mchanga. Asubuhi utaona wazee wakitembea, vijana wakikimbia na wengine wakipanda mawimbi kwa mbao. Utaona pia riksho. Hiki ni kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mtu. Riksho ziliingia Durban katika miaka ya 1890, nazo zilikuwa usafiri wa kila siku, kama teksi. Siku hizi wavutaji wamebaki wachache. Wao huvaa kofia kubwa zenye pembe na shanga, na kazi yao ni kuwaburudisha wageni.

Mwogaji hakai popote apendapo. Waokoaji husimika bendera mbili mchangani, na watu huoga katikati ya bendera hizo. Waokoaji ni watu waliofundishwa kuogelea na kumtoa mtu anayezama. Mbele zaidi majini kuna nyavu za kuzuia papa. Zilianza kuwekwa mwaka 1952, baada ya papa kuwashambulia waogaji. Wengi hudhani nyavu hizo ni ukuta. Sivyo. Hazifiki chini kabisa, na papa anaweza kupita pembeni. Kazi yake ni kuwapunguza papa wanaokuja karibu na watu. Hasara yake ni kwamba hunasa pia kasa na pomboo, na jambo hilo hubishaniwa sana mpaka leo.

Bahari nayo huweza kuchafuka. Mwezi wa Aprili 2022 mvua kubwa mno ilinyesha katika jimbo la KwaZulu-Natal, ambamo Durban imo. Watu zaidi ya 400 walikufa kwa mafuriko. Mabomba na mitambo ya maji machafu iliharibika, na uchafu ukaingia baharini. Fuko kadhaa zilifungwa. Wageni walipungua, na aliyeumia hakuwa mwenye hoteli peke yake. Aliumia pia mama anayeuza shanga njiani. Mji unaoishi kwa wageni sharti utunze vyoo vyake na mifereji yake kama unavyotunza hoteli.

Liko jambo ambalo mgeni hawezi kuliona kwa macho. Katika enzi ya ubaguzi wa rangi fuko hizi ziligawanywa. Vibao vilisimikwa mchangani kuonyesha wapi ni pa Wazungu peke yao. Mzulu aliyezaliwa hapo hapo angeweza kukamatwa kwa kuoga mahali pasipo pake. Mwaka 1989 watu waliingia katika fuko hizo kwa makusudi ili kuivunja amri hiyo. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo serikali ilitangaza kwamba fuko ziwe wazi kwa wote, na mwaka 1990 sheria yenyewe ikafutwa. Leo watoto wa kila rangi wanachimba mchanga pamoja. Mgeni asiyeelezwa habari hii huona mchanga tu.

Mwongoza watalii

Ndiyo maana kuna waongoza watalii. Mwongoza watalii ni mtu anayewatangulia wageni njiani na kuwaeleza wanachokiona. Katika Afrika ya Kusini mtu hawezi kuamka asubuhi na kujiita mwongoza watalii. Sheria inamtaka asome na kufaulu, awe na cheti cha huduma ya kwanza, kisha aandikishwe serikalini. Akishaandikishwa hupewa kadi na beji. Wengine huruhusiwa kutembeza mahali pamoja tu, wengine jimbo zima, na wengine nchi nzima. Mgeni asipoiona beji anayo haki ya kuuliza.

Kazi yenyewe si maneno peke yake. Mwongozaji huwahesabu watu wake kabla ya kuondoka, na huwahesabu tena kila wanapohama. Hutembea kwa mwendo wa yule aliye mzee au mgonjwa. Hujua maji yako wapi, kivuli kiko wapi, choo kiko wapi. Kabla ya kuwaingiza wageni mahali pa watu, hutangulia yeye kuomba ruhusa. Na akiulizwa asilolijua, husema, "Sijui, nitauliza." Mimi humpima mwongozaji kwa neno hilo.

Jambo jingine ni fedha. Mtalii huja na fedha, lakini fedha hiyo inaweza kupita mjini bila kushuka. Basi linamchukua hotelini, linampeleka kwenye duka kubwa, linamrudisha hotelini. Muuza mahindi aliona vumbi tu. Lakini mgeni akitembezwa kwa miguu, huona njaa, huona kiu, na husimama. Hapo ndipo hununua.

Soko la Warwick

Mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni Warwick. Hapa ni penye stesheni ya treni ya Berea, vituo vya mabasi, na vituo vya mabasi madogo yanayofanana na daladala zetu. Mamia ya maelfu ya watu hupita hapa kila siku. Zamani Waafrika hawakuruhusiwa kukaa katikati ya mji. Waliingia asubuhi kufanya kazi na kutoka jioni. Mahali walipoingilia na kutokea pakawa soko, kwani mtu mwenye haraka hununua njiani.

Leo kuna masoko tisa yanayoshikana. Mimi, kwa kuwa napenda supu, ningeanza na soko la vichwa vya ng'ombe. Wapishi huvichemsha vichwa mpaka nyama iwe laini, huikata juu ya ubao na kuinyunyizia chumvi. Mteja hula kwa mkate uliopikwa kwa mvuke. Karibu na hapo kuna masufuria makubwa ya mahindi ya kuchemsha. Mbele kuna wauza shanga.

Soko la dawa za miti shamba liko juu ya daraja. Ni daraja la barabara ambalo lilikuwa halitumiki. Wauzaji wa mizizi, magome na majani walikuwa wakikaa chini, kando ya barabara, juani na mvuani. Halmashauri ya mji ikawajengea vibanda juu ya daraja hilo. Hapa mwongozaji huwaambia wageni wafunge kamera zao. Mgonjwa aliyekuja kutafuta dawa hapendi kupigwa picha, na mganga naye ana siri za kazi yake. Mgeni akitaka picha, aombe kwanza. Akinyimwa, ashukuru na kuendelea.

Kuna pia soko la asubuhi, lililoanza mwaka 1910. Hapa huuzwa mboga, matunda na viungo. Wauzaji wengi ni wa ukoo wa Wahindi walioletwa kuanzia mwaka 1860 kufanya kazi katika mashamba ya miwa kwa mkataba. Wao ndio walioufundisha mji huu kula mchuzi wa bizari. Chakula kinachosifiwa sana Durban ni nusu ya mkate wa boflo, iliyotolewa nyama yake ya ndani na kujazwa mchuzi. Huliwa kwa mkono, bila sahani.

Mwaka 2009 soko hilo lilitaka kuvunjwa. Wakuu wa mji walikusudia kujenga maduka makubwa mahali pake, wakati nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa mashindano ya Kombe la Dunia ya 2010. Wauzaji walikataa. Waliandamana na walikwenda mahakamani. Mwisho mpango ule ulikufa, na soko lipo mpaka leo.

Shirika moja liitwalo Asiye eTafuleni, lililoanzishwa mwaka 2008, hufanya kazi pamoja na wauzaji hao. Kwa Kizulu jina hilo maana yake ni "twende mezani". Shirika hilo lilianzisha matembezi ya wageni ndani ya masoko, yakiongozwa na watu wanaolijua soko wenyewe. Zamani mgeni aliambiwa hotelini, "Usipite Warwick, ni pabaya." Sasa hupita, tena akisalimiana na watu. Wezi wapo, kama katika soko lolote lenye msongamano. Mwongozaji humwambia afiche saa yake na kushika mfuko wake mbele, wala hamdanganyi kwamba hakuna hatari.

Inanda

Safari nyingine huenda nje kidogo ya mji, kaskazini, sehemu za Inanda. Hapa Gandhi alianzisha makazi yake ya Phoenix mwaka 1904, alipokuwa wakili Afrika ya Kusini. Nyumba yake iliharibiwa katika ghasia za mwaka 1985, ikajengwa upya.

Karibu na hapo ni shule ya Ohlange. Aliyeianzisha ni John Dube, ambaye mwaka 1912 alikuwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Tarehe 27 Aprili 1994 Nelson Mandela alipiga kura yake ya kwanza katika shule hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 75. Siku hiyo alikwenda kwenye kaburi la Dube na kumpa taarifa kwamba nchi imekuwa huru. Wazee wa Mazimbu, Morogoro, waliokaa na wapigania uhuru wa ANC na kuona shule yao ikijengwa, wataelewa uzito wa siku hiyo kuliko mtalii wa mbali.

Wazanzibari wa Durban

Nawe, msomaji, ukibahatika kufika Durban, mwombe mwongozaji akueleze habari za Wazanzibari. Manowari za Uingereza zilikamata majahazi yaliyobeba watumwa katika bahari yetu. Kuanzia mwaka 1873 baadhi ya watu waliookolewa walipelekwa Durban na kupewa kazi kwa mkataba. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Unguja, watu wa Durban waliwaita Wazanzibari. Walikaa katika kilima cha Bluff, ng'ambo ya bandari, wakajenga msikiti na kuendelea na lugha yao. Katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwahamisha, ikawapeleka Chatsworth. Wajukuu wao wako huko hadi leo, na jina bado ni lile lile.