Mutoto wa Congo, wimbo wa Uswidi: ni wetu kweli?

Tarehe 22 Mei 2021, katika muji wa Rotterdam kule Uholanzi, kijana mumoja wa miaka 19 alipanda jukwaani na kuimba wimbo unaoitwa « Voices », maana yake Sauti. Aliimba kwa jina la Uswidi, ile inchi siye tunaita Suède. Jina lake la muziki ni Tusse, lakini jina la nyumbani ni Tousin Michael Chiza. Huku kwetu mutu akisikia jina kama hilo anageuza kichwa: huyu si wa kwetu? Ndiyo, alizaliwa Congo, mwaka 2002.

Alipokuwa na miaka mitano alikimbia inchi, na katika kukimbia akatengana na wazazi wake. Alikaa miaka mitatu katika kambi ya wakimbizi kule Uganda. Akiwa na miaka minane akafika Uswidi pamoja na jamaa, wakamupokea katika jimbo la Dalarna.

Wachimbaji, hapo musikie vizuri. Dalarna ni jimbo la mukuba! Kuko muji unaitwa Falun, mugodi wake ulitumika karibu miaka elfu moja, mupaka ulifungwa mwaka 1992. Katika mwaka 1687 sehemu kubwa ya ule mugodi ilianguka, shimo likabaki wazi mupaka leo. Hakuna mutu aliyekufa, juu ile siku ilikuwa sikukuu na watu hawakuwa kazini. Siye wa sindika tunapenda sana kuwaeleza wakubwa wa kazi hiyo hadisi, wakati wanatuambia siku ya kupumuzika ni hasara.

Turudie wimbo. Mwaka 2019 huyu kijana alishinda mashindano ya waimbaji ya televisheni kule Uswidi, yanaitwa Idol. Machi 2021 akashinda mashindano ya inchi nzima, na ndiyo yanachagua nani atakwenda Eurovision. Haya ya Eurovision yalianza mwaka 1956. Kila inchi inaleta wimbo mumoja, usipite dakika tatu, na jukwaani hawaruhusu watu zaidi ya sita. Wapigaji muziki wetu wa huku, wenye wimbo wa dakika kumi na mbili na sebene ndani, wangefukuzwa mulangoni.

Sasa kura, na hapo ndipo sisi tuliweka akili. Kila inchi inatoa pointi mara mbili. Mara ya kwanza wanatoa wale wenye ujuzi wa muziki, wanaitwa juri. Mara ya pili wanatoa watu wa kawaida, kwa simu. Na hakuna inchi inaruhusiwa kupigia wimbo wake yenyewe. Sheria nzuri hiyo! Tunajua uchaguzi wa wadelege fulani kwenye kazi ambapo sheria ya namna hiyo ingesaidia.

Tusse alipata pointi 109, akawa wa 14 kati ya inchi 26 zilizofika mwisho. Juri ilimupa 46, watu wakamupa 63. Si ushindi: Italia ilichukua kikombe na pointi 524. Lakini wenye simu mukononi walimusikia kupita wenye kukaa mezani. Uingereza yenyewe ile usiku ilirudi na zero, zero ya juri na zero ya watu, na inchi ile haikuanguka.

Yeye si wa kwanza. Mwaka 2010 Ufaransa ilimutuma Jessy Matador, mwenye asili ya Congo, na wimbo wa kucheza « Allez Ola Olé ». Alikuwa wa 12. Kwa inchi za Afrika zenyewe, ni Moroko tu ilijaribu, mara moja, mwaka 1980, ikapata pointi saba, haikurudia tena. Kwa hiyo mutoto wa Congo akitaka kuimba pale, anapita kwa bendera ya wengine.

Wengi wanapenda kusema: « Ni wetu huyo! » Sisi tunauliza: tangu lini? Wakati alikuwa kambini Uganda, nani kati yetu alimwita wetu? Tumezoea mukuba unaotoka hapa bila jina, unarudi kama waya wenye jina la kiwanda cha mbali, na siye tunasema kwa kiburi: huu umetoka kwetu. Mutu si mukuba. Watu wa Uswidi walimupa shule na mahali pa kulala kabla ya kujua kama anaweza kuimba. Heshima ya kwanza ni yao na yake mwenyewe.

Katika cité zetu kuko jamaa nyingi zenye mutoto aliyepita Kasumbalesa kuelekea kusini, anabeba mizigo ao anauza kando ya barabara. Yeye pia ni wetu. Hakuna mutu anamupigia makofi, na siku ingine hata simu yake hatuipokee, juu tunaogopa ataomba feza. Kama tunataka neno « wetu » liwe na uzito, tuanze na huyo.

Jambo lingine hatulisahau. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka huku kwetu, na inaingia katika betri za simu. Basi ile usiku simu nyingi zilizomupigia Tusse kura zilikuwa na kazi ya mikono yetu ndani. Lakini siye wenyewe tulikuwa hatuna kura: Congo si inchi ya mashindano yale.

Tangu mwaka 2023 wamefungua mulango kidogo. Mutu wa inchi yoyote anaweza kupiga kura kwa intaneti, anailipia. Kwa hiyo siku mutoto mwingine wa huku atasimama pale, mama wa Kolwezi ataweza kumupigia, kama ana kadi ya benki, na kama ile usiku umeme haujakatika.