Sarafu za Mahameni

Hakuna mtu aliyekaa Mwanza muda wa kutosha kuzijua njia zake ambaye hajapata kusikia habari ya mali ya Mjerumani. Habari hiyo husimuliwa kwa namna nyingi, lakini shina lake ni moja: kwamba mwezi wa Julai mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yalipokaribia mji, Wajerumani waliondoka kwa haraka kuelekea Tabora, wakafukia chini ya ardhi masanduku ya rupia, dhahabu na zebaki, wakatia alama juu ya miamba na magogo ya miti ili wajukuu wao wajue pa kurudia. Kwa ajili ya habari hiyo majengo ya zama zile, miembe mikubwa na mawe yenye mkwaruzo wowote yamepata wateja wao, watu wajao usiku na sururu, na siku hizi wajao na mashine ya kutambulia madini, ile ambayo wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa huiita detekta.

Tuipime habari hiyo kwa mizani ya taarikhi. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga pwani, na sarafu zilizokuwa zikipigwa Berlin na Hamburg hazikuweza tena kufika. Serikali ya Kijerumani ikapungukiwa na fedha hata ikachapa noti za dharura humu humu nchini, na mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, ikapiga heller tano na heller ishirini za shaba, na rupia kumi na tano za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Hiyo ya dhahabu, yenye sura ya ndovu mbele ya mlima, ina uzito wa gramu saba na kidogo, na zote zilizopigwa hazikufika 17,000. Akili inakataa kwamba dola iliyobanwa kiasi hicho, iliyolazimika kugeuza karakana ya magari-moshi kuwa kiwanda cha fedha, ilikuwa na masanduku ya rupia ya kuyaacha nyuma chini ya mwembe.

Lakini kuyakana masanduku si kuzikana sarafu. Ardhi ya makao ya kale imejaa vitu, ila aghalabu ni vitu vilivyoanguka, si vilivyozikwa. Juu ya kilima kilicho katikati ya mji wa Mwanza ipo nyumba aliyokaa Theodor Gunzert, mkuu wa wilaya wa Kijerumani tangu mwaka 1907 hata mwaka 1916, na kila atazamaye juu huiona. Lakini waliopanda na kushuka kilima kile siku hadi siku walikuwa matarishi, wapishi, maaskari, wapagazi, na watu walioitwa kwa mashauri na kodi. Mtu mwenye heller mbili katika pindo la nguo huidondosha moja bila ya kujua. Na kuidondosha hakukuwa jambo dogo, kwa maana tangu mwaka 1898 kila nyumba ya mwenyeji ilitozwa kodi, na kiasi chake mashambani kilikuwa rupia tatu kwa mwaka. Baada ya mwaka 1904, rupia ilipogawanywa kwa heller mia badala ya pesa sitini na nne za awali, kodi hiyo ilikuwa ni heller mia tatu, ambazo Msukuma alizitafuta kwa pamba, kwa karanga, kwa ngozi au kwa mzigo kichwani. Kwa hiyo sarafu moja ya shaba iliyopotea uani ilikuwa sehemu ya jasho la mtu, na mimi naiona kuwa na thamani kubwa kuliko sanduku la hadithi.

Mashine yenyewe haina siri wala uganga. Ni mti mrefu wenye kisahani mwishoni, na ndani ya kisahani umo waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri hupita katika waya huo ukienda na kurudi mara maelfu kwa nukta moja, na kwa kupita kwake huzaa nguvu ya sumaku ishukayo ardhini. Nguvu hiyo ikikuta kipande cha metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hurudisha juu sumaku hafifu, ambayo waya wa pili huihisi, na sauti ikalia masikioni mwa mshikaji. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitumia chombo cha namna hii mwaka 1881 kutafuta risasi katika mwili wa James Garfield, Rais wa Marekani, asiipate. Na katika Vita vya Pili vya Dunia afisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, alibuni mashine ya kutafutia mabomu iliyowafungulia njia askari wa El Alamein mwaka 1942.

Mpaka wa uwezo wake lazima ujulikane, kwa sababu ujinga wa jambo hili umewala watu wengi. Sarafu ndogo iliyolala bapa, mashine nzuri huisikia katika kina cha shubiri moja, au kupita hapo kidogo. Kitu kikubwa kama sufuria husikika chini zaidi. Mashine iuzwayo kwa ahadi kwamba itaonyesha dhahabu iliyo umbali wa mamia ya mita ni ulaghai mtupu, hata ikiwa na kioo na taa za rangi saba. Fauka ya hayo, udongo mwekundu wenye chuma huichanganya mashine ikalia bila ya sababu.

Tuseme umepewa idhini na mwenye kiwanja katika hame moja mashariki ya Kisesa. Usukuma una mahame mengi, kwa kuwa watu walihama kwa desturi wakifuata malisho na rutuba, kisha Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikayaacha makao mengine matupu. Utayajua kwa ua wa minyaa uliokua miti, kwa jiwe la kusagia lililopinduka, kwa udongo mweusi wa majivu palipokuwa jalala. Mshikaji huenda polepole, kisahani kikipita karibu na nyasi bila ya kuinuliwa mwisho wa kila mkono, na kila mstari ukiufunika nusu ya mstari uliotangulia. Chuma hutoa sauti nzito iliyokatika; shaba na fedha hutoa sauti nyembamba isiyobadilika hata ukiigeukia kwa upande mwingine. Mara nyingi kitakachotoka ni kizibo cha soda au msumari. Lakini panapolia sauti nyembamba, kata duara la nyasi kwa kisu, uliinue zima, chambua udongo kwa vidole. Na huenda kikatoka kisahani cha kijani, upana wake milimita 20, ambacho ukikisafisha kwa maji tu kitaonyesha taji, na chini yake mwaka, na upande wa pili tarakimu moja ndani ya shada la majani. Hiyo ni heller ya Kijerumani. Usiisugue kwa majivu wala kwa ndimu, kwa maana kile kijani kimekwisha kuwa ngozi yake, na ukikitoa unatoa na maandishi.

Kabla ya kuitia mfukoni, andika. Andika kina ulichoikuta, hatua ngapi kutoka mlango au ua, na ilikuwa pamoja na nini: mkaa, kigae, ganda la risasi, kifungo. Kazi hii ya karatasi na kalamu ndiyo itenganishayo utafiti na upokonyaji, na ndiyo nataka msomaji aikumbuke kuliko habari za mashine. Chukua mathalani swali hili: biashara ya Mwanza ya zama za Wajerumani ilielekea wapi? Ramani ingekuambia Dar es Salaam, makao makuu. Lakini reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na meli zao zikaanza kuvuka maji, ilhali reli ya kati ya Wajerumani haikufika Tabora mpaka mwaka 1912, na Mwanza haikupata reli mpaka mwaka 1928. Ngozi na pamba za Usukuma zikapita Kisumu na Mombasa. Mtu akiona katika ua mmoja heller ya taji, rupia ya Kihindi yenye kichwa cha Malkia Victoria na senti ya Afrika Mashariki yenye tundu, zote katika tabaka moja la udongo, ameiona biashara hiyo kwa macho yake. Zikitolewa usiku, zikachanganywa na nyingine katika kopo na kuuzwa sokoni, hazisemi neno.

Hata hivyo mashine ni kiziwi kwa sehemu kubwa ya mambo ya kale. Henry Morton Stanley alipofika Kageyi, ufuoni mashariki ya Mwanza, tarehe 27 Februari 1875, alikuta pahali panapojua biashara. Huko ndiko alikomwacha mwenzake wa safari, Frederick Barker, aliyekufa na kuzikwa papo hapo katika mwaka huo, Stanley mwenyewe akiwa ziwani na mashua yake Lady Alice. Fedha ya Kageyi ya siku zile ilikuwa merikani na kaniki, ushanga wa samesame, kauri, na masango ya shaba. Katika vyote hivyo mashine itayasikia masango peke yake. Mchimbaji afuataye sauti atavitupa vigae na shanga pembeni pamoja na kifusi, na kwa kufanya hivyo atakuwa ameipoteza karne nzima ili apate kipande cha waya.

Ng'ambo ya ziwa, Buhaya, dhara ni kubwa zaidi. Katuruka, karibu na Maruku, watu waliyeyusha chuma miaka ipatayo elfu mbili iliyopita, na mwanaakiolojia Peter Schmidt alipachimba katika miaka ya 1970 kwa kufuata masimulizi ya wazee. Mavi ya chuma yaliyobaki katika mahali pa namna hiyo huifanya mashine ilie bila ya kukoma. Asiyejua atayachimbua yote kwa hasira, asijue ameuvunja ushahidi wa ilimu ya mababu.

Lakini ardhi ikifunuliwa kwa utaratibu husema. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, wachimbaji wa akiolojia walikuta fedha ndogo zaidi ya elfu mbili pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa kuwa zilitolewa kwa utaratibu mahali zilipolala, dinari za Makhalifa wa Kifatimi ziliwawezesha wataalamu kuzipa tarehe fedha zile, na majina ya watawala wa pwani wa karne ya 11 yakasomwa upya. Mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne huko Uingereza, mtu aliyekuwa akitafuta kwa mashine nyundo ya rafiki yake iliyopotea alikutana na sarafu za Kirumi. Baada ya kutoa kiasi aliacha kuchimba, akatoa habari, na wataalamu waliokuja wakakuta karibu sarafu 15,000, na dalili za sanduku la mti na vitambaa zilimokuwa zimefungwa. Alilipwa, akagawana malipo na rafiki yake huyo, aliyekuwa mkulima wa shamba lile. Sheria ya huko inamlipa mkweli, na naamini hilo ndilo limewafanya wengi kuwa wakweli.

Kwetu iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, itakayo mwenye kuvumbua kitu cha kale aiarifu serikali, na inayokataza kuchimba bila ya leseni. Lakini mabaki inayoyalinda moja kwa moja ni yale yaliyofanywa kabla ya mwaka 1863, yapata karne moja nyuma ya siku ilipotungwa. Kwa mpaka huo heller ya mwaka 1908 imo nje, isipokuwa Waziri akitangaza vingine. Leo zama za Wajerumani nazo zimekwisha kuvuka karne, na hoja iliyoweka mpaka ule inatosha kuusogeza mbele. Naliomba Bunge lilitazame jambo hili, na pamoja nalo lipime kumlipa mwenye kutoa habari kwa uaminifu. Tena kuna la heshima: wazee wengi wa Kisukuma walizikwa katika mazizi yao, na hame lenye zizi si pahali pa kuingia na jembe kabla ya kuuliza ukoo.

Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu imo rupia yenye sura ya Kaisari Wilhelm na kofia yake ya chuma, usiipeleke kwa sonara ikapimwe kwa gramu. Muulize kwanza bibi aliipata kwa nani, mwaka gani na kwa kazi gani, uyaandike majibu yake, na nakala uipeleke kwa walinzi wa makumbusho ya Wasukuma pale Bujora.