MAJI YA PAA LA KANISA



Mwaka mmoja, katika parishi niliyokuwa nikitumika, tulifanya Sikukuu ya Mavuno iliyofana sana. Mahindi, ndizi na maharagwe vilijaa mbele ya Meza ya Bwana. Ibada ilipokwisha, mama mmoja mjane alinishika mkono akasema, "Mchungaji, njoo uone na shamba langu." Shamba hilo liko chini ya kanisa. Nilikuta korongo limelipasua katikati. Tena halikuanzia kwake. Lilianzia kwetu, chini ya paa la kanisa.

Nilirudi nikapima. Paa letu lilikuwa na urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 20 tu ilimwaga lita 4,000, nayo yote yalimshukia mjane. Tulimshukuru Mungu kwa mavuno, huku tukimnyang'anya jirani udongo wake. Ndugu zangu, niliona aibu.

Katika Mwanzo 2:15 mtu alipewa bustani kwa kazi mbili: ailime, na aitunze. Wengi wetu tumeishika ya kwanza, tukaisahau ya pili. Wala hili si jambo la wanasiasa peke yao. Mwaka 1990 Baraza la Ushauri la Waanglikana liliongeza utunzaji wa uumbaji katika alama za utume wa Kanisa, pamoja na kuihubiri Injili na kuwahudumia wenye shida.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuanze uani kwa Bwana. Sisi tuliweka mifereji ya bati na tangi, na vijana wakachimba matuta ya fanya juu. Udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro, ili maji yatulie na kuzama. Juu ya tuta tulipanda nyasi za ng'ombe.

Pili, tuitumie kalenda yetu. Kitabu cha Sala kina siku 3 za maombi, Jumatatu hadi Jumatano kabla ya Kupaa kwa Bwana. Kwetu mara nyingi ni wakati wa masika. Tuandamane hadi mashambani na chemchemini, tuombe hapo hapo, jembe likiwa mkononi.

Tatu, karibu na chemchemi tusipande mikaratusi, maana hunywa maji mengi. Tupande miti ya kienyeji kama mkuyu.

Korongo la mjane halikufukiwa lote. Udongo uliokwenda haurudi kwa siku moja. Lakini masika yaliyofuata halikupanuka tena.

Je, mpendwa, mvua ikinyesha leo, maji ya paa la kanisa lenu yatamwendea nani?

Mungu awabariki. Amina.