Stata Inazunguka, Injini Haiwaki

Gari linapiga stata vizuri, ila haliwaki. Mwenye gari akifika gereji na maneno hayo, mara nyingi amekwishauziwa betri mpya. Betri hubebeshwa lawama hii bila kosa: kama stata inazungusha injini kwa kasi yake ya kawaida, karibu mizunguko 200 kwa dakika, sehemu kubwa ya kazi yake imekwisha kufanyika. Kwa uhakika, ipime kwa mita wakati stata inapigwa. Ikishuka chini ya volti 10, hapo ndipo ishukiwe.

Nachukua mfano wa injini ya petroli ya 1NZ-FE ya Toyota, ile ya sisi 1,500 iliyo kwenye IST na Probox nyingi za barabara zetu. Dizeli haina plagi za cheche, na hewa iliyoingia kwenye mabomba yake ya mafuta ni habari inayojitegemea.

Anza na masikio. Injini nzima inapozungushwa na stata hutoa sauti yenye mapigo, kwa sababu kila pistoni inayopanda inabana hewa na stata inaelemewa kidogo. Ukisikia mzunguko mwepesi, wa haraka, usio na mapigo hata kidogo, mgandamizo haupo. Acha kupiga stata hapo hapo. Kwenye injini za zamani kama 5A-FE, zinazotumia mkanda wa taimingi, huenda mkanda umekatika. 1NZ-FE ina cheni, nayo haikatiki kirahisi, lakini iliyolegea kwa kukosa oili safi inaweza kuruka meno.

Mapigo yakiwepo, geuza macho kwenye dashibodi. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, kontroli boksi huenda haipati umeme, na fyuzi ya EFI ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Kisha piga stata ukitazama mshale wa mizunguko. Kwenye magari mengi mshale huo hucheza kidogo injini inapozungushwa. Ukilala kimya kabisa, unayo dalili nzuri ya bure, na hapa ndipo pesa nyingi za watu hupotea.

Kuna sensa ndogo ya nyaya mbili karibu na puli ya kranki. Kazi yake ni kuiambia kontroli boksi kwamba injini inazunguka na pistoni zimefika wapi. Isipopeleka taarifa, kontroli boksi inaamini injini imesimama, na injini iliyosimama haipewi cheche wala petroli. Zaidi ya hapo, kwenye Toyota nyingi za kizazi hiki pampu ya mafuta haiungurumi swichi inapowashwa tu. Hungoja mpaka stata ipigwe na taarifa ya mzunguko ifike. Fundi mwenye haraka huweka sikio kwenye tangi, akasikia kimya, akatangaza pampu imekufa. Pampu mpya inanunuliwa, kiti cha nyuma kinafunguliwa, gari haliwaki. Kisha zinafuata koili. Kukosa cheche na petroli kwa pamoja ni jambo linaloelekeza kwenye chanzo kimoja kinachovitawala vyote viwili, na ninasikitika kila ninapoona mtu amelipia pampu na koili.

Sensa hiyo pia ina tabia ya kugoma ikipata moto na kurudi kazini ikipoa. Gari linazimika kwenye foleni mchana, linakataa kuwaka, halafu baada ya nusu saa linawaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Basi lipimwe likiwa limegoma. Likishawaka, vipimo vyote vitaonekana safi.

Mshale ukicheza vizuri, fungua plagi moja baada ya kupiga stata kidogo. Iliyolowa na kunuka petroli inasema mafuta yanafika lakini hayachomwi. Ichomeke kwenye koili yake, chuma chake kiguse mwili wa injini, kisha tazama cheche. Kabla ya hapo chomoa soketi za nozeli zote nne, la sivyo petroli itamwagwa kwenye silinda na kutoka kwa mvuke palepale unapotengeneza cheche. Usipige stata koili ikiwa hewani bila plagi; unaweza kuiua. Kama plagi zote zimelowa na cheche ipo, injini huenda imelewa mafuta: kanyaga pedeli mpaka chini ukipiga stata, na kontroli boksi nyingi zitakata petroli ili silinda zikauke.

Plagi kavu yenye cheche nzuri inakupeleka kwenye mafuta. Sasa ndiyo zamu ya pampu, relei na filta yake, tena kwa geji: presha itakiwayo ni takribani baa 3. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, hivyo anayetembea kila siku taa ya mafuta ikiwa imewaka anaiunguza taratibu.

Na hiyo sensa ya kranki, kabla ya kununua nyingine, kagua soketi na nyaya zake mpaka kwenye kontroli boksi. Panya hupenda kutafuna waya, na oili inayovuja karibu na puli huingia kwenye soketi. Waya uliokatika hauponi kwa sensa mpya.