Injini ikae wapi? Magari mawili ya mizigo ya Ujerumani na swali moja

Chora kisanduku kwenye karatasi, kitilie magurudumu manne. Sasa panga vitu vitatu ndani yake: dereva, injini na mzigo wa kilo 750. Dereva lazima aone barabara, basi atakaa mbele. Mzigo unataka nafasi kuliko wote. Injini je, utaiweka wapi?

Ukipanda Hiace ukakaa kiti cha mbele, jibu la Toyota unalisikia kwa joto: iko chini yako. Lakini Wajerumani walikuwa wameshalijibu swali hili mapema, kwa njia mbili zinazopingana kabisa.

Juni 1948 Ujerumani Magharibi ilibadilisha sarafu na maduka yakaanza kujaa tena. Waoka mikate, wauza maziwa na mafundi walihitaji kigari cha bei nafuu cha kusambazia bidhaa. Auto Union, wenye jina la DKW, walikuwa taabani. Viwanda vyao vilikuwa Saxony, upande ulioshikwa na Wasovieti, na mitambo ilifunguliwa ikachukuliwa. Baadhi ya wakubwa wa kampuni walihamia Ingolstadt, Bavaria, wakaanza upya na bohari ya vipuri mwishoni mwa 1945. Mwaka 1949 wakatoa gari waliloliita Schnellaster, yaani lori la kasi. Kasi yenyewe ilikuwa kama kilometa 70 kwa saa kwa injini ya nguvu farasi 20, kwa hiyo jina lina utani kidogo.

Jibu lao: injini mbele, imelazwa kwa upana wa gari, na inazungusha magurudumu ya mbele. Kwa kuwa hakuna shafti inayopita chini kwenda nyuma, sakafu inakaa chini na tambarare. Fungua milango ya nyuma, sukuma kreti ndani, kazi imekwisha. Kwa mtu anayepakia na kupakua mara 40 kwa siku, huo si uamuzi mdogo.

Injini yenyewe ilikuwa ya silinda mbili na mipigo miwili, sentimita za ujazo 688, jamaa ya zile za DKW za kabla ya vita. Haina vali, vipande vyake ni vichache, na oili unaichanganya moja kwa moja kwenye petroli. Hapo kuna mtego. Ukiteremka mlima umeachia mafuta, petroli inayoingia ni kidogo, na oili nayo ni kidogo, wakati injini bado inazungushwa kwa nguvu na magurudumu. Pistoni zinaweza kukwama. DKW walitumia kifaa kama kile cha gurudumu la nyuma la baiskeli: ukiacha kukanyaga, gari linaserereka lenyewe na injini inapumzika. Injini inapona, ila sasa haikusaidii kupunguza mwendo. Breki tu!

Volkswagen wa Wolfsburg walikwenda upande wa pili. Tarehe 23 Aprili 1947 mfanyabiashara Mholanzi, Ben Pon, alichora kwenye daftari lake kisanduku chenye dereva mbele na injini nyuma. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya sakafu ya Beetle, na sakafu hiyo haikuhimili mzigo. Ikabidi waunde bodi mpya yenye mihimili yake miwili chini. Pua iliviringishwa baada ya majaribio ya upepo huko Braunschweig, kipimo cha ukinzani wa hewa kikashuka kutoka 0.75 hadi 0.44. Uzalishaji ulianza 8 Machi 1950, injini ikiwa na nguvu farasi 25.

Sasa tupige hesabu, kwa magari ya kufikirika. Gari la injini ya mbele lina kilo 1,000 likiwa tupu, 600 zikiwa juu ya magurudumu ya mbele. Pakia kilo 750, nyingi zikielekea nyuma: tuseme 190 zinaongezeka mbele na 560 nyuma. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta, yamebaki na kilo 790 kati ya 1,750, yaani asilimia 45 tu. Mpeleke huyo mlimani kwenye tope, uzito unazidi kurudi nyuma, na tairi zinaanza kuteleza.

Kwenye mpango wa Volkswagen dereva na injini wanasawazishana, mzigo unakaa katikati. Likiwa na nusu kwa nusu tupu, linabaki karibu nusu kwa nusu likijaa. Usukani na breki havibadiliki tabia sana. Gharama yake? Injini imeziba nyuma, sakafu juu yake imeinuka kama rafu, na mizigo mikubwa inapita milango ya ubavuni.

Volkswagen waliuza vibaya sana, takriban magari milioni 1.8 ya kizazi cha kwanza. Nadhani kutumia vipuri vya Beetle, vilivyopatikana kila mahali, kulichangia kuliko huo uwiano wa uzito. Maana mwaka 1990, walipotoa kizazi cha nne, wao wenyewe waliihamishia injini mbele, wakailaza kwa upana, ikizungusha magurudumu ya mbele. Jibu la DKW lile lile, miaka 41 baadaye.

Na Schnellaster? Uzalishaji Ujerumani ulikoma 1962, lakini kiwanda cha Vitoria, Hispania, kilichoanza kuliunda katika miaka ya 1950, hakikufungwa. Leo ndiko inakotoka Mercedes-Benz Vito.